Kizuri chajiuza? Katuni za mtandaoni na benchi la saiba yangu

Saiba yangu iko Kondele, hapa Kisumu, na ina benchi moja la mbao lililoona mengi kuliko mimi mwenyewe. Watu huja kujaza fomu: za shule, za kazi, za leseni. Ukurasa wa fomu ukigoma kufunguka, watu hukaa. Mwenye bando huinamia simu yake. Asiye na bando huikodolea macho kompyuta yangu. Ndivyo nilivyoanza kuwafungulia wateja katuni, zile zinazowekwa mtandaoni bure, ukurasa baada ya ukurasa, na mtu ambaye mara nyingi anachora peke yake chumbani kwake.

Mpwa wangu hunisaidia kazi Jumamosi. Anasomea mambo ya kompyuta chuoni na si mtu wa maneno mengi, lakini siku aliponiona nikimsukumia mteja katuni ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia, alicheka.

"Anko, kizuri chajiuza. Kama hiyo kitu ingekuwa noma, si tungeshaiona?"

Hakuimalizia methali, wala hakuhitaji. Nusu ya pili kila mtu anaijua: kibaya chajitembeza. Kwa hiyo mtembezaji ni mimi.

Kauli ile nimetembea nayo miezi mingi. Kila mtu anaposema "someni hii, haijulikani na inastahili wasomaji", anadai mambo mawili kwa mpigo: kwamba ubora na umaarufu ni vitu viwili tofauti, na kwamba yeye ana uwezo wa kuvikutanisha. Mpwa wangu analikataa la kwanza. Mimi la kwanza ninaliamini bado, ila la pili nimeanza kulitilia shaka.

Nianze na upande wake, maana una nguvu kuliko nilivyotaka kukubali. Heartstopper ya Alice Oseman ilianza 2016 ikiwa katuni ya bure kwenye mitandao ya Tumblr na Tapas, katikati ya maelfu ya nyingine. Ikawa vitabu, na 2022 ikawa tamthilia ya Netflix. Lore Olympus ya Rachel Smythe wa New Zealand ilianzia kule Webtoon, jukwaa la katuni, kwenye sehemu ambayo mtu yeyote anaweza kupandisha kazi yake. 2018 jukwaa likaichukua rasmi, na ilipofika mwisho 2024 ilikuwa imefunguliwa zaidi ya mara bilioni 1. Hakuna mwenye saiba aliyewatembeza hao wawili. Ngazi ipo, na kuna walioipanda kuanzia kidato cha chini kabisa. Anayelia kwamba majukwaa makubwa huzika kila kilicho kizuri hana budi atueleze hawa walifukuliwa na nani.

Tena nina aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana niliandika orodha ya katuni 12, kila moja na sentensi mbili za kuisifu, nikaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya tuliosoma pamoja. Nikapata vidole gumba vitano. Mmoja akauliza kama kuna pesa ndani yake. Nilipochunguza taratibu, aliyefungua walau kiungo kimoja alikuwa mtu mmoja tu, na aliishia ukurasa wa tatu.

Lakini methali ile ina soko ndani yake, na soko lina lango. Nenda Kibuye Jumapili. Mwenye meza karibu na njia humaliza nyanya zake kabla ya saa sita, hata kama zilizo ndani kabisa ndizo ngumu na nzuri zaidi. Za ndani hazikushindwa kujiuza, ila hazikuonwa. Kwa katuni lango ni simu, na simu ina mawazo yake kuhusu umbo la kitu kinachoweza kupita.

Umbo hilo lilitoka Korea Kusini. Kampuni ya Naver ilianzisha Webtoon huko mwaka 2004, na toleo la Kiingereza likafuata 2014. Badala ya ukurasa wenye visanduku kushoto na kulia, unapewa utepe mmoja mrefu unaoteremka, na kidole gumba kinatosha. Mmarekani Scott McCloud alikuwa ameandika tangu mwaka 2000 kwamba skrini inaweza kuwa dirisha la turubai lisilo na mwisho, mchoraji akaelekea upande wowote autakao. Kati ya pande zote hizo ulishinda mmoja: chini. Silalamiki. Kwa simu ya inchi 6, ndani ya matatu ya kwenda Maseno, umesimama umeshika chuma kwa mkono mmoja, hakuna umbo bora.

Ila nyingi kati ya katuni ninazozipenda zilichorwa na watu waliokuwa wakiiwaza karatasi. Fungua ukurasa wa aina hiyo kwenye simu iliyopasuka kioo. Picha nzima inatokea ikiwa ndogo kama stempu, maneno yamekuwa chawa. Unaitanua kwa vidole viwili, kisanduku cha kwanza kinajaa, unasoma. Unasukuma kulia, umepitiliza, unarudi. Ukifika kisanduku cha mwisho umesahau cha kwanza kilisema nini. Unabonyeza kitufe cha kwenda mbele, nacho ni kidogo kuliko ukucha, na badala yake unagusa tangazo la mchezo wa bahati nasibu. Sasa rudia hivyo mara 700. Mtu anafunga, na kesho anakwambia katuni ile haikumvutia.

Hiyo 700 sikuiokota njiani. Digger ya Ursula Vernon ina zaidi ya kurasa 700, ilikamilika 2011, na 2012 ikapata tuzo ya Hugo upande wa hadithi za michoro. Na hapo nisimame kidogo, kwa sababu neno "isiyojulikana" linatuchezea. Isiyojulikana na nani? Mashabiki wa Marekani wa rika langu wanaijua Digger. Kwenye benchi langu haijulikani na mtu hata mmoja, na hata xkcd, ambayo Randall Munroe anaichora tangu 2005 na wahandisi wa nchi nyingi wanaibandika ukutani kazini, hapa ni mgeni asiye na mwenyeji. Umaarufu una anwani. Mtu anaweza kuishi Nakuru mtaa wa London miaka 20 na London ya Uingereza isimjue.

Basi, Digger ni wombati, mnyama mchimbaji wa Australia, mfupi, mnene, na katika hadithi hii ni mhandisi wa mahandaki asiyetaka kabisa habari za miungu wala uchawi. Anapotea chini ya ardhi, anachimba kuelekea juu, anatokea ndani ya hekalu mbele ya sanamu ya Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, na sanamu inamsemesha. Nilikuwa kwenye kurasa hizo siku moja ambayo fomu ziligoma tangu asubuhi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja anayeuza omena, amekuja kwa ajili ya fomu ya mjukuu wake.

"Huyo namjua," akasema akimwonyesha Ganesh kwa kidole. "Yuko kule kwa Wahindi."

Nikacheka, nikaendelea kubonyeza. Alipotokea fisi, mama akanishika mkono nisimame. Kiingereza hakisomi, kwa hiyo nikawa namfasiria; Kiswahili kikinipiga chenga naingia Kijaluo. Fisi huyu hana jina. Watu wake walimhukumu, wakalila jina lake, na aliyeliwa jina ni maiti inayotembea: hakuna anayeruhusiwa kumjua. Digger, ambaye hana wakati na mambo hayo, anampachika jina fupi la Ed, kisha wanaanza kuzungumza kama watu.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akamwita fisi kwa jina lake la Kijaluo. "Ondiek asiye mlafi? Sisi tuliambiwa alifuata njia mbili kwa uroho mpaka akapasuka msamba." Akaisogelea skrini. "Huyu alikosa nini hasa?"

Sikumwambia. Jibu liko mbali sana mbele, na ni jibu zito. Ningelitoa pale ningekuwa nimemwibia.

Nimefikiri sana kuhusu nusu saa ile. Skrini ilikuwa ya inchi 19. Michoro ni nyeusi na nyeupe, mistari minene kama iliyochongwa kwenye ubao, kwa hiyo kurasa zilifunguka haraka ingawa mtandao ulikuwa umechoka. Kulikuwa na mtu wa kumsomea kwa lugha yake. Na alikuwepo mnyama ambaye mama ana kesi naye tangu utotoni, tangu hadithi za jikoni za nyanya yake. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, sidhani kama angenishika mkono.

Mpwa wangu alisikiliza habari hii hadi mwisho, akaitupilia mbali kwa sentensi moja. "Huwezi kumsomea kila mtu, anko." Hapo alinipata. Pendekezo linalofanya kazi halizidishiki. Linataka ukae na mtu mmoja, ujue anachekea nini na anaogopa nini, na fomu za watu zinakungoja. Jukwaa kubwa linapendekeza kwa watu milioni 1 kabla sijafungua kifuniko cha printa. Kwa mchoraji anayetafuta wasomaji 1,000 ili aendelee kuchora, mimi ni kijiko kimoja ziwani.

Vijana wa benchi wana njia ya mkato: skrinshoti. Wanakata kisanduku kinachochekesha, wanakitupa kwenye grupu. Mmoja wa kidato cha nne aliniwekea hoja yake bila kupepesa macho: "Mimi nikituma picha, wanaiona watu 200. Wewe ukituma linki, hakuna anayefungua. Kati yetu nani amemsaidia mchoraji?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilikuja kulipata kwa mhadhiri mmoja aliyekuja kuchapisha nakala za somo la isimu. Kwenye slaidi yake mojawapo kulikuwa na mti mkubwa wa kupendeza, matawi yake lugha: upande mmoja jamii ya lugha za Ulaya na India, upande wa pili Kifini na ndugu zake, majani yakiwa manene au membamba kwa kadiri ya wasemaji. Nikamuuliza kama ameisoma katuni yenyewe. Katuni gani? Mti ule alichora Minna Sundberg, mwenye asili ya Finland na Sweden, ndani ya Stand Still. Stay Silent, hadithi aliyoianza 2013 kuhusu nchi za kaskazini mwa Ulaya miaka 90 baada ya ugonjwa kuifagia dunia. Aliuchora kueleza kwa nini wahusika wake ndani ya gari moja hawaelewani lugha. Mti ukakatwa, ukasafiri dunia nzima. Hadithi ikabaki ilipokuwa, ikafika tamati 2022, na wengi waliouchapisha mti huo hawajui kwamba una shina.

Mhadhiri aliandika jina la katuni nyuma ya risiti yangu. Sijui kama aliifungua. Lakini ameufundisha mti huo mwaka baada ya mwaka, na hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyefika kwa Sundberg. Hao ndio watu 200 wa yule kijana.

Hata hivyo siwezi kuiita skrinshoti wizi kila mara. Munroe, kwa mfano, ameiweka xkcd chini ya leseni inayoruhusu kuisambaza bila biashara, mradi umtaje. Kinachoniudhi ni kingine. Karibu kila xkcd ina utani wa pili, maneno yanayojitokeza ukiweka kishale cha kipanya juu ya picha. Kwenye simu kuna toleo lake ambalo unagusa ili uyaone. Mara nyingi utani huo wa pili ndio mkali. Skrinshoti inaukata, na aliyetumiwa anacheka nusu akidhani amemaliza. Kijana wangu nilimwambia hivi: tuma picha, lakini usikate ukingo wenye jina na anwani. Alisema ukingo ukibaki picha haitoshei vizuri kwenye stetasi. Tumekubaliana kutokukubaliana.

Sasa lililo gumu zaidi, na hapa nina kosa la kuungama. Miaka minne iliyopita nilipendekeza katuni moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa sura ya tano na ilikuwa nzuri ajabu. Watu watatu waliisoma kwa sababu yangu. Mchoraji akaandika kwamba anapumzika wiki mbili. Mmoja wa hao watatu, fundi wa simu jirani yangu, hadi leo akipita mlangoni huniuliza: "Zile wiki mbili zimeisha?" Nilijifunza kwamba anayependekeza hukopa. Anakopa wakati wa mtu na bando lake, kwa jina lake mwenyewe, na deni likilala halimwendei mchoraji, linamwendea yeye.

Kwa hiyo kwa muda nikajiwekea sheria ya kutaja zilizokamilika tu. Digger. Rice Boy ya Evan Dahm, 2006 hadi 2008, safari ya kiumbe mdogo mweupe katika nchi ambayo hakuna kitu kinachofanana na tunavyovijua. Hiyo humpa mtu mwenye subira na asiyeuliza kila kitu maana yake. Na Vattu, ya Dahm huyohuyo, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Msichana wa kabila la wahamaji anachukuliwa na himaya iliyofika na vitabu vyake vya kodi, anapelekwa mtumwa katika mji mkuu, na anaanza kujifunza jinsi mji unavyofanya kazi: nani ana jina, nani ana namba, nani anaandika sheria na kwa lugha ipi. Hakuna Mwingereza ndani yake wala Mwafrika. Lakini mtu ambaye babu yake alilipa kodi ya kibanda ataisoma kwa namna ambayo Mmarekani haisomi, na ndiyo sababu nasikitika kwamba huku hakuna anayeisoma. Ilipata tuzo ya Ignatz mwaka 2014 upande wa katuni za mtandaoni.

Angalia mwaka huo, 2014. Vattu ilianza 2010 na ilihitaji zaidi ya miaka 10 kufika mwisho. Ilipotuzwa ilikuwa bado njiani. Kama wasomaji wote wangefuata sheria yangu, Dahm angechora kwa miaka yote hiyo akiwa peke yake, na huenda pasingekuwa na mwisho wa kuungoja. Sheria inayomlinda msomaji inamwua mchoraji, na ile ya kumlinda mchoraji inamwacha fundi wa simu mlangoni pangu akiuliza kuhusu wiki mbili.

Tena kungoja nako kuna hatari zake. Nimona ya ND Stevenson ilichorwa mtandaoni 2012 hadi 2014. Kitabu kilipotoka 2015, zilizobaki bure zilikuwa sura chache za mwanzo. Ni haki yake kabisa, mtu ale jasho lake. Ila aliyesema ataisoma ikikamilika alikuta duka limefunguliwa na mlango wa bure umefungwa.

Kilichonisaidia kutoka kwenye fundo hilo ni Taifa Leo. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwenye gazeti hilo kwa miongo mingi, na sijawahi kumsikia mtu akisema atangoja mwisho ndipo aanze kusoma. Kipande kimoja, chai, kazi. Watu walifuata mwendo, na mwendo haukuwatupa. Gunnerkrigg Court ya Mwingereza Tom Siddell ni ya ukoo huohuo: ilianza 2005, msichana katika shule ya ajabu, na mchoraji ameendelea kutoa kurasa mara tatu kwa wiki hata pale wenzake wengi walipochoka. Haijaisha, na naipendekeza bila wasiwasi. Kwa hiyo siku hizi simwangalii mchoraji amefika wapi. Naangalia tarehe za kurasa zake za mwisho 20, kama mtu anavyokagua rekodi ya mkopaji.

Kuhusu pesa sitakawia. Msomaji wa Kondele hamtajirishi mchoraji wa ng'ambo. Tangazo linaloonyeshwa huku hulipiwa kidogo kuliko la Marekani, na Patreon, ambayo tangu 2013 wachoraji wengi huitegemea kwa mchango wa kila mwezi, inataka kadi au akaunti ya PayPal. M-Pesa siku hizi inaweza kukupa kadi ya Visa ya mtandaoni, lakini dola 1 kwenye benchi langu ni chapati mbili na ndengu. Anayesema kwamba kwa kusoma tu tunawaokoa wachoraji anatupamba.

Wa kwetu je? Hapa hoja ya mpwa wangu inaanza kuvuja kwelikweli. Katuni ya Kenya iliyowafikia vijana wengi ni Shujaaz, tangu 2010, kwa Sheng, na mhusika wake Boyie mwenye redio ya kujificha chumbani. Ilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa 2012. Ilikuwa nzuri, sina ugomvi. Lakini iligawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, nyuma yake kukiwa na kampuni nzima ya watu wa kazi hiyo. Hiyo ilitembezwa, na ilitembezwa vizuri. Kumbe kizuri nacho kinaweza kutembezwa na kisipungukiwe na uzuri.

Upande wa pili nina kijana mmoja wa Nakuru aliyekuja huku kwa kazi ya mjengo. Huja kwangu kuskani. Anachora kwa biro kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, na miraba inaonekana nyuma ya nyuso za wahusika kama wavu wa samaki. Hadithi ni ya makanga wa gari la Nakuru–Kisumu: kila usiku wakipita Salgaa anapanda abiria mmoja aliyeshika nauli kamili mkononi, na kila wakifika Kericho kiti ni kitupu na nauli iko. Makanga haogopi mzimu. Anaogopa hesabu ya jioni, maana pesa zinazidi na tajiri wa gari ameanza kuuliza.

Mambo haya yote anayaweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Saa 24, yametoweka. Nikamwambia afungue akaunti Webtoon au popote penye kumbukumbu, msomaji mpya apate pa kuanzia. Alinijibu kwa upole: "Mkubwa, watu wangu hawako huko. Wako kwa stetasi. Nikiweka saa moja, saa mbili wameshanitukana au wamenisifu." Nani atamwambia amekosea? Ana wasomaji wanaomjibu kila jioni, kitu ambacho wachoraji wenye kurasa 700 wangekililia. Na hapo hapo hadithi yake haipendekezeki. Nikikwambia uisome, utaanzia wapi?

Kwa ruhusa yake nimezihifadhi skani zote, kurasa 41 hadi sasa, kwenye folda moja katika kompyuta ya mwisho pale ukutani. Ndiyo nakala pekee iliyo kamili. Ni katuni ya mtandaoni isiyosomeka mtandaoni. Inasomeka Kondele, ndani ya saiba yangu tu. Mpwa wangu aliikuta huko Jumamosi moja, akaisoma yote mteja akingoja karatasi zake, akaniambia kwa ushindi mkubwa: "Umeona? Imejiuza." Nikamuuliza folda ni ya nani, na nani aliiacha wazi kwenye skrini.

Orodha sitengenezi tena. Nikipendekeza, nampendekezea mtu mmoja, katuni moja, na namwambia aanzie ukurasa gani na asome kwa kifaa gani. Vattu kwa simu ninaikataza. Naona wasomaji ninaoongeza kwa mwaka hawajazi tuk-tuk mbili, na mpwa wangu hachoki kunikumbusha.

Wiki iliyopita mama wa omena alirudi, safari hii bila fomu. Alitaka kujua kama fisi alirudishiwa jina. Nikamwambia bado, hadithi ni ndefu. Akasema basi nimchapishie zile kurasa za mwanzo za fisi, akamsimulie mjukuu wake nyumbani; Kiingereza mjukuu atasoma mwenyewe, yeye atasema za Ondiek wa zamani. Kuchapisha kwangu ni shilingi 10 kwa ukurasa, na mimi huyo niliyehubiri kuhusu ukingo na jina la mchoraji nikajikuta nimeshika kazi ya mtu mwingine, nikikaribia kuiuza. Nilichapisha kurasa nne, nikaandika kwa kalamu juu ya kila moja: Digger, Ursula Vernon. Pesa nikakataa. Mama aliweka shilingi 40 juu ya kibodi, nikamrudishia, akaziweka tena, akatoka. Bado ziko kwenye droo, pembeni na wino.